Shajara ya "Daftari": wimbo mmoja, vesi mbili, na mvua isiyoonekana

Siku ya 1

Vesi ya kwanza imetoka usiku wa kuamkia leo, kwa mkupuo, chumbani kwangu Kikwajuni, Unguja. Mistari 24 kwenye simu, sijafuta hata mmoja. Nimeupa wimbo jina la "Daftari". Shajara hii naifungua leo leo kwa sababu nyimbo zangu mbili zilizopita zilikufa njiani na mpaka sasa siwezi kusema zilifia wapi.

Habari yenyewe ni ya nyumbani kwetu, Mtambwe, Pemba. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, nikalelewa na ami yangu, kaka yake baba, mtu wa mikarafuu. Kufika kidato cha nne nilikuwa na daftari la kurasa 96 nililokuwa nikiandikia mistari tangu darasa la saba. Siku moja ya msimu ami alilichukua akalitia jikoni, chini ya birika la chai, watu wote wakitazama. Wiki ile ile nikapanda boti kuja Unguja. Mwaka wa tano huu. Idi narudi, nampa mkono, naubusu, nakula, naondoka. Daftari halijawahi kutajwa baina yetu.

Mistari miwili ninayoipenda kuliko yote:

*Kurasa tisini na sita, chai ikachemkia,*
*wakanywa wote mkekani, nani aliyeulizia?*

Nataka uwe wimbo wa rika langu zima. Kila kijana ninayekaa naye maskani ana daftari lake lililochomwa: huyu alitaka mpira, yule alitaka kusoma ufundi wa umeme akaambiwa ashike duka la baba yake, mwengine anaimba qaswida vizuri hadi watu wanalia lakini akigusa gitaa anaitwa mhuni. Nawaandikia wao.

Siku ya 4

Biti. Rafiki yangu anayetengeneza muziki ana laptopu, kadi ya sauti na maiki moja ya kondensa, na chumba chake kiko nyuma ya nyumba yao Mwembetanga. Tumeanza na mapigo 92 kwa dakika, tukashuka 88, tukatulia 84. Chini ya hapo wimbo unalala.

Besi ya kompyuta tumeikataa. Jirani yake ana sanduku la kidumbaki, lile boksi la mbao lenye mti mmoja na kamba moja, na kijana wake amekuja kutupigia. Kamba ikivutwa, sauti inaungurumia tumboni kabla masikio hayajaipata. Tumerekodi dakika ishirini na tutatumia sekunde kama kumi na tano tu, lakini ndizo zinazoubeba wimbo.

Leo nimegundua kitu kilichonifurahisha sana. Skuli tulifundishwa kwamba mstari wa shairi una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Kwenye kompyuta, kipimo kimoja cha mapigo manne nacho kinagawika vipande 16 vidogo. Yaani mstari wa shairi la babu zetu unaingia ndani ya kipimo cha hip-hop bila kubaki wala kupwaya, silabi moja kwa kila kipande. Kwa mapigo 84, kipimo kinachukua sekunde tatu kasoro kidogo, kwa hiyo mtu anatoa silabi tano na nusu na ushei kwa sekunde. Inasemeka. Tatizo ni pumzi: ukijaza vipande vyote huna pa kuvutia hewa, na sikio la msikilizaji nalo linachoka. Vesi yangu haina mizani, ina mapengo kila mahali. Nimeiacha vile vile. Hasira haipangiki.

Siku ya 9

Studio ya kwanza tuliyoilipa kianzio imetuahirisha mara tatu. Tumeachana nayo, hela imekwenda. Tutarekodi chumbani Mwembetanga, magodoro mawili ukutani, feni imezimwa. Vesi ya kwanza imekamilika saa nane usiku, jaribio la kumi na moja.

Siku ya 13

Nilimtumia binamu yangu wa Mtambwe rekodi ya majaribio kwa WhatsApp. Nilimwambia asiisikilizishe nyumbani. Ameisikilizisha nyumbani.

Saa tatu usiku ukaingia ujumbe wa sauti kwa simu ya binamu, lakini aliyekuwa akisema ni ami. Kwanza kikohozi, halafu kimya kirefu hadi nikadhani amemaliza. Halafu:

"Nimekisikia. Umesema kweli, daftari nimelitia moto mie. Lakini mwanangu, na mvua umeiweka wapi?"

Basi. Sekunde 19 zote.

Nalazimika kuiandika mvua hapa kwa sababu kwenye wimbo sikuiandika. Siku ile niliachiwa majamvi manne ya karafuu uwanjani. Zilikuwa zimeanikwa siku ya tatu, zimeshaanza kupata ule wekundu wa hudhurungi, bado siku moja au mbili zikauke. Kazi yangu ilikuwa moja: kutazama mbingu. Nilikaa kibarazani na hedifoni masikioni, naandika. Ngurumo sikuisikia. Nilipoinua uso maji yalikuwa yakipita juu ya majamvi yakichukua karafuu hadi kwenye mfereji wa ng'ombe. Karafuu ikilala na maji katikati ya kukauka inapoteza rangi na inashika ukungu, na ukiipeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inashuka daraja au unarudi nayo nyumbani. Zile zilikuwa za wachumaji wanane kwa siku mbili, na wachumaji walikuwa wanadai malipo yao kwa pishi, mvua haiwahusu.

Daftari liliingia motoni jioni ile, baada ya mvua. Miaka mitano nimeisimulia hadithi hii maskani kuanzia kwenye moto.

Siku ya 15

Nimemweleza rafiki yangu wa biti. Anasema tuitoe hivi hivi, wimbo wa vijana unasema upande wa vijana, wazee wana mimbari, wana mabaraza, wana kikao cha ukoo, wanataka na maiki pia? Hoja yake ni nzito. Tena anasema kweli, mara ngapi tumekaa kwenye kikao cha ndugu, tunaambiwa tusikilize, tukifungua mdomo tunaambiwa tuna kiburi?

Lakini nimejaribu kuisikiliza tena vesi na siwezi. Kila nikifika "nani aliyeulizia" nasikia kile kikohozi.

Nimejaribu kuandika vesi ya pili kwa sauti ya ami. Mistari minane. Yote imetoka kama mimi nimevaa kofia yake.

Siku ya 21

Pemba. Boti ya asubuhi hadi Mkoani, gari hadi Chake, nyingine ya Wete, na Mtambwe nimeingia kabla ya laasiri. Harufu ya karafuu inaanza barabarani, kila uwanja una jamvi. Nimekuja na laptopu, kadi ya sauti na maiki ndani ya begi la nguo, na nimemwambia binamu peke yake.

"Ami, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuchuma au umekuja kuimba?"

Nikamwambia nimekuja kumuomba anijibu. Hakusema ndiyo wala siyo. Alimwita mtu alete kahawa.

Tukazungumza kibarazani hadi magharibi, na ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kubishana na ami bila mmoja wetu kuinuka. Nilikuja na hoja yangu niliyoiandaa ndani ya boti. Nikamwambia: "Siti binti Saad naye walimdharau. Msichana wa Fumba, muuza vyungu, anaingia mjini kuimba taarab kwa Kiswahili wakati wakubwa walitaka Kiarabu. Mwaka 1928 akaenda Bombay akarekodi santuri, na leo nyinyi nyinyi wazee mnamtaja kwa fahari. Kwa nini sisi muziki wetu uitwe uhuni?"

Akaniacha nimalize. Akasema: "Siti alikuwa na mizani."

Hilo sikulitarajia. Mimi nilidhani ugomvi ni wa dini, au wa karafuu, au wa suruali. Ami anasema maneno yangu hayakupimwa, yanamwagika. Halafu akaniuliza hip-hop imeanza lini. Nikamwambia watu wanaihesabu kuanzia sherehe moja ya Agosti 11, 1973, huko Bronx, New York, kijana anaitwa Kool Herc alipiga sahani kwenye tafrija ya dada yake. Ami akahesabu kwa vidole.

"Mwaka huo mie nilikuwa kijana wa kibati."

Nilijua kibati kwa jina. Ni ngoma yetu ya Pemba, ya majibizano: ngoma inakwenda mbio, watu wawili wanapokezana maneno ya papo kwa papo, mmoja anatupa, mwenzake anadaka na kurudisha, kisha wote wanaingia kwenye kiitikio. Sikujua kwamba ami alikuwa mtupaji. Hakuna aliyeniambia. Miaka yote ile najifunza kuchana kutoka kwenye simu, na ndani ya nyumba kuna mtu aliyesimama mbele ya watu akajibu neno kabla ngoma haijapiga mara mbili. Alinitajia Kamange na Sarahani, washairi wetu wa Pemba wa zamani walivyokuwa wakirushiana mashairi, na akasema kujibizana si utovu wa adabu. "Utovu wa adabu ni kumjibu mtu aliyekuwa hayupo."

Siku ya 22

Kurekodi. Naandika kwa urefu kwa sababu sitaki kusahau.

Sebuleni kuna mwangwi, uwanjani kuna jogoo na pikipiki. Nikajaribu chumba cha kuwekea karafuu. Magunia yamepangwa kuta tatu hadi kifuani, mikeka imekunjwa imesimamishwa kona, chini jamvi. Nikapiga makofi mara moja: sauti ikafa pale pale. Sijapata chumba kikavu namna hii Unguja. Hewa tu ndiyo kali, karafuu inakwangua koo, tukawa tunatoka nje kila baada ya robo saa.

Hedifoni amezikataa. Anasema hawezi kusema na mtu huku masikio yake yamefungwa. (Alisema hivyo akinitazama, nami nimeelewa.) Kwa hiyo biti hakuisikia. Badala yake binamu alikaa mlangoni na ngoma ndogo, anapiga taratibu, na mimi nimeketi mbele yake kwenye kigoda. Sharti lake lilikuwa hilo: nisikae kwenye mashine, nikae mbele yake, kwa sababu maneno ni yangu.

Alifumba macho. Akaanza:

*Si wangu mkarafuu, wangu ni wino na wimbo,*
*wasoma kwa karafuu, ndiyo ijazayo tumbo,*
*mvua ilipo juu, wewe ulishika tambo,*
*nikateguka mguu, na jamvi likenda kombo.*

Mstari wa kwanza ni wangu. Ulikuwa ndani ya daftari, ukurasa wa mwanzo kabisa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeusahau. Aliusoma kabla ya kuuchoma na ameubeba miaka mitano. Nilipomuuliza alisema, "Uliandika 'wangu wino na wimbo'. Pungufu ya mizani moja. Nimekutilia 'ni'."

Na mguu. Siku ile alikimbia kutoka shambani alipoona wingu, akafika uwanjani wakati mimi bado nimeinamia daftari upande wa pili wa nyumba, akalivuta jamvi la mwisho peke yake, akateleza. Niliondoka wiki ile nikimuona anachechemea, na nilijiambia ni hasira zinamtembeza vile. Hakuna aliyenitajia, wala mimi sikuuliza.

Aliendelea beti tano. Nyengine sitaziandika hapa, zitasikika. Alikosea mara moja tu, akarudia kutoka mwanzo wa ubeti, hakukubali nimkatie katikati. Dakika mbili na sekunde kumi, jaribio la pili, na ndilo hilo tunalolitumia.

Siku ya 23

Usiku wa kuchambua. Karafuu za leo zimemwagwa katikati ya ukumbi, wanawake na watoto wameketi mduara, taa moja. Kishada unakilaza kwenye kiganja cha kushoto, mkono wa kulia unakizungusha kwa gumba, karafuu zinadondoka mapajani na konyo linabaki vidoleni. Baada ya saa moja ncha za vidole zinakufa ganzi na kucha zinakuwa nyeusi.

Nikawasikilizisha vesi mbili. Shangazi yangu akauliza: "Nyinyi mmegombania karafuu na daftari. Aliyezichambua zile zilizorowa ni nani? Aliyezianika tena?" Ami akatazama chini. Mimi pia.

Wao waliendelea na kazi, na dakika kidogo baadaye shangazi akaanza kuimba, bila kuinua uso, kwa mwendo wa mikono yake:

*Chambua, mwana, chambua,*
*konyo kando, ua kando;*
*nani wa kutuchambua,*
*baba kando, mwana kando?*

Wengine wakadakia mara ya pili. Niliwahi kubonyeza kitufe mara ya tatu. Korasi yangu ya zamani, ile niliyoijenga Mwembetanga kwa wiki nzima, nimeifuta pale pale mkekani. Hii ina mlio wa karafuu zinazodondoka chini yake, kama mvua ndogo. Nimewaomba ruhusa mmoja mmoja, majina yao yataandikwa mwishoni mwa video kama watunzi wa kiitikio, na mgao wao umeandikwa kwenye karatasi tuliyotia saini wote kabla sijaondoka.

Siku ya 31

Mwembetanga. Rafiki yangu ameisikiliza sauti ya ami mara moja, akavua kofia, akaomba aisikilize tena. Hoja ya mimbari hajairudia.

Sasa shida ya kiufundi. Ami hakufuata saa. Ameanza kwenye mapigo 86 na kufika ubeti wa mwisho yuko 93, kwa sababu kibati hupanda kadiri maneno yanavyochacha. Kompyuta inaweza kumnyoosha: unamkata vipande, unamvuta hadi kwenye mstari. Tumejaribu kwa saa mbili. Alitoka kama mtu anayesoma tangazo la meli. Tukarudisha yote, na badala yake biti ndiyo inayomfuata. Rafiki yangu ameweka alama kwa mkono kwenye kila pigo la ngoma ya binamu, alama zaidi ya mia na themanini, kisha sanduku na ngoma za kompyuta zikapangwa juu ya alama hizo. Kazi ya siku tatu kwa dakika mbili za wimbo. Ukisikiliza bila kujua, utahisi tu kwamba vesi ya pili inakukimbilia.

Vesi yangu nimeiandika upya. Moto umebaki, mvua imeingia mstari wa tano. Hii nayo nimeipima, 8 kwa 8, isipokuwa mistari miwili ya daftari niliyoinukuu Siku ya 1. Hiyo imebaki na mapengo yake. Ndivyo ilivyotoka.

Siku ya 38

Kibali cha kupiga picha kutoka Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni kimetoka, maneno ya wimbo nayo yamepita. Masheha wa sehemu zote mbili wamearifiwa. Droni tumeiacha, ina vibali vyake mbali na muda hatuna.

Siku ya 41

Michenzani, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nilipataka mahali hapa tangu mwanzo. Majumba haya marefu yalianzishwa na Mzee Karume baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, ili watu wa Ng'ambo watoke kwenye vibanda vya udongo waishi ghorofani. Wazee waliyapokea kama maisha mapya. Sisi tumezaliwa tukiyakuta yamechoka, nguo zinaning'inia kila dirisha, na tunayaona ya kawaida. Kizazi kimoja kilipewa funguo, kingine kimepewa ngazi isiyo na taa. Vesi yangu yote imepigwa humo, kwenye ngazi na koridoni.

Kipande kimoja kimetutesa. Dairekta anataka nitembee polepole huku midomo inafuata maneno sawasawa. Kamera inapiga fremu 50 kwa sekunde, video inachezwa kwa 25, kwa hiyo wimbo ulipigwa kwa kasi maradufu na mimi nikachana kwa mapigo 168. Mara saba. Mara ya saba watoto wa ghorofa ya pili walikuwa wameshashika mistari yote wanachana pamoja nami, na tumewaacha wamo.

Siku ya 52

Mtambwe tena, dairekta, kamera mbili na betri sita. Msimu unakaribia ukingoni, mikarafuu ya chini imeshachumwa, watu wako juu kabisa na ngoe zao wakivuta matawi.

Mpango wetu ulikuwa kutengeneza mvua. Tulikodi bomba na tanki ili tumwagie jamvi moja. Ami alipoona mpira unavutwa kuelekea uwanjani alitoka.

"Karafuu haimwagiwi maji kwa mchezo."

Tukamwambia tutatumia makonyo, kwa mbali kamera haitofautishi. Akakubali shingo upande, tukamwagia. Ilikuwa uongo mtupu. Jua linawaka nyuma, maji yanatoka upande mmoja, majani ya mgomba hayatikisiki. Mvua ya kweli inatanguliwa na upepo, kuku wanakimbia kabla yake, rangi ya ukuta inabadilika. Dairekta alijaribu pembe nne.

Ami alitazama hadi tukachoka. Halafu akasema neno ambalo limeiokoa video: "Mtu mwenye karafuu nje hatazami mvua. Anatazama jamvi."

Tukalizima bomba. Tukamwambia binamu na shangazi na watoto wakunje majamvi kama wanavyokunja siku zote wakiona wingu, na kamera tukaishusha hadi usawa wa magoti. Unaona vidole vinashika ukingo, jamvi linapinda, karafuu zinabingirika kuelekea katikati, miguu inapishana, mtoto anaokota moja moja zilizotoka. Hakuna tone hata moja la maji kwenye picha. Mvua utaisikia tu: usiku ule ilinyesha kweli, na nilirekodi sauti yake juu ya bati la jikoni kwa dakika arubaini. Jamvi la mwisho katika picha amelikunja ami. Hatukumwomba. Aliingia kwenye fremu, akainama, na mguu wa kushoto aliutanguliza kwa uangalifu kama anavyofanya kila siku.

Kuhusu moto, alikataa kabisa. "Nilichokichoma nimekichoma. Sikichomi tena kwa kamera." Tumepiga birika tu, linachemka, mvuke unapanda, hakuna karatasi.

Na kufuatisha midomo pia alikataa, kwamba hasemi neno moja mara mbili. Basi vesi yake yote katika video hakuna mdomo unaosema. Yeye ameketi kibarazani, mimi nimeketi kwenye kigoda mbele yake, sauti yake inapita juu yetu, na sisi tunatazamana. Tulikaa hivyo dakika mbili na sekunde kumi, wimbo unapigwa kwa spika ndogo. Ubeti wa nne aliniwekea mkono begani, akautoa. Dairekta anataka kuuacha mkono, mimi nilitaka uondolewe kwa sababu ubeti wa tano bado ananilaumu, na mtu atadhani tumemaliza. Tumebishana hadi usiku. Mkono umebaki, kwa sababu ubeti wa tano nao umebaki wote.

Siku ya 60

Uhariri. Vesi ya Michenzani ina mikato 61, vesi ya ami ina minne. Wimbo mzima dakika 4 na sekunde 12. Rangi: Unguja tumeipunguza kidogo, Pemba hatukuigusa. Kazi imesajiliwa Ofisi ya Hakimiliki Zanzibar, watunzi ni ami, shangazi na wenzake, rafiki yangu wa biti, na mimi.

Jina limebaki "Daftari". Nilifikiria kulibadilisha liwe "Majamvi", ami akasema liache. Anasema yeye anajua anapoingilia.

Siku ya 66

Video inatoka kesho baada ya isha. Jana watu wa kijijini waliitazama kwanza, ukutani, kwa projekta ya kuazima. Mzee mmoja aliondoka vesi ya kwanza ilipoanza na hakurudi. Vijana walipiga kelele kwenye vesi yangu na kunyamaza kwenye ya ami. Mtu wa rika la ami, naye wa kibati zamani, alikuja kumwambia kwamba ubeti wa tatu anao jibu lake, na watu wakacheka, lakini asubuhi hii amekuja tena na beti mbili kichwani, zimekamilika, na anauliza mashine iko wapi.

Nimemwambia aje jioni. Sasa hivi siwezi kuinuka. Naandika haya kibarazani kwa kalamu, majamvi matatu yako mbele yangu siku ya pili juani, upande wa Wete kuna wingu dogo, na hedifoni nimeziacha ndani.